Ile Memori Uliyotutumia Haikuingia

S.L.P. 417,
Kericho.
Jumapili, 7 Septemba 2025.

Mpendwa kaka Joab,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa sisi sote wa laini, hizi nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya chai. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kuwainua wale wazee kitandani kumekuumiza, na mama tangu siku hiyo anakuombea mgongo tu, mambo mengine yako ameyaweka kando. Baridi ya Edmonton imeanza au bado? Sisi hapa tuko salama. Kifua cha mama kinasumbua asubuhi kwa sababu ya ukungu, lakini chai ya tangawizi inakituliza. Baba ni mzima.

Utashangaa kuona barua ya karatasi mwaka huu. Sababu ni kwamba nikikutumia ujumbe, wewe unapiga simu dakika hiyo hiyo, na simu yako ikiingia hapa nyumbani inakuwa ya watu wote. Mama ananipokonya, baba anasema iwekwe kwa sauti ili jirani naye akusalimie. Vyumba vyetu viwili unavijua, ulilala jikoni kwetu miaka minne ya sekondari. Hapa hata kupiga chafya ni jambo la ukoo. Barua hii nampa Momanyi, mdogo wake yule daktari Bosire aliyetuletea kifurushi chako, anayesafiri kuja huko Jumatano. Ningekuandikia Kijaluo, lakini mara ya mwisho ulinicheka. Sisi wa laini tumelelewa na Kiswahili, utuvumilie.

Kwanza nikushukuru kwa kifurushi. Nakushukuru kwa moyo wote, na naomba ukumbuke shukrani hii unaposoma yale yanayofuata, usije ukasema asante ya punda ni mateke.

Joab, ile memori haikuingia.

Naanza kwa kukiri kosa langu. Ulipoamua kunisaidia, nilikuambia nahitaji RAM, hiyo memori ya kompyuta, ya giga kumi na sita, nzuri. Ni hayo tu. Wewe hukukosea hata kidogo: ulinunua ya giga kumi na sita, na ni nzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia katika nyumba hii. Ina hata taa. Kumbe kumwambia mtu giga bila kumwambia aina ni kama kumwambia aninunulie viatu bila kumpa namba ya mguu.

Kosa la pili ni letu sote. Bosire alifika Jumatano tarehe ishirini mwezi wa nane, amelowa mvua, akaweka kifurushi mezani. Nilitaka kukifungua pale pale. Mama akaweka kiganja juu yake. Akasema kitu kilichotoka ng'ambo hakifunguliwi kabla ya kupelekwa kwa shukrani kanisani, na usiniambie umesahau, kwa sababu ule mkoba wako wa kwanza wa shule ulikaa juu ya kabati siku tano ukingoja mchungaji. Bosire alisema taratibu kwamba kama kuna kasoro yeye angeweza kukirudisha dukani, ana risiti, ila anaondoka Jumamosi. Mama akamjibu, "Daktari, zawadi ya mtoto haiwezi kuwa na kasoro. Kunywa chai."

Basi Jumamosi Bosire akaruka na risiti yake mfukoni. Jumapili tukapanda mbele, familia nzima, mimi nimebeba kifurushi kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo. Mchungaji aliomba dakika kumi na moja. Alimwomba Mungu aifanye ile kompyuta kuwa mlango. Watu walipiga makofi, na Jumatatu yake watoto wa laini waliniuliza kama naweza kuwawekea katuni.

Kompyuta yenyewe nilikuwa nimeianza mwezi wa sita, kipande kwa kipande. Kasha, ile bodi kubwa ya ndani ambayo mafundi huiita motherboard, na skrini yenye mkwaruzo kwenye kona. Zote zilitoka kwa Kipkemoi, fundi mwenye kibanda karibu na stendi ya Kericho. Ilikuwa na RAM ya giga nne, na kwa giga nne ile programu ya kuandika maneno chini ya video inakwama kila sekunde ya tatu. Ndiyo maana nilikusumbua.

Nilipompelekea Kipkemoi zawadi yako aliigeuza geuza, akaimulika na simu. Mimi sina subira, unanijua. Niliichukua nikaiweka kwenye nafasi yake nikaanza kusukuma.

"Wee! Wacha! Usisukume!" alinishika mkono. "Hii ni DDR5, na board yako ni ya DDR4. Angalia hako kapengo hapo chini. Haiwezi ingia hata ukiiombea."

Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba tayari tulikuwa tumeiombea. Alizilaza pamoja juu ya meza, yako na ile ya zamani. Urefu ni ule ule. Meno ya dhahabu yanafanana. Lakini lile pengo limesogea kidogo, kama upana wa punje ya mchele. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaiangalia ile punje ya mchele, na nikalia, Joab. Nililia mbele ya wateja wawili wa chaja.

Sasa ujue kwa nini nililia, kwa sababu hili hatujawahi kukuambia kwenye simu. Baba anastaafu tarehe thelathini na moja Desemba. Ni miaka thelathini na moja kiwandani. Nyumba ni ya kampuni, na mtu akistaafu anapewa mwezi mmoja kuhama, isipokuwa kama ana mtoto aliyetia sahihi mkataba wa kazi hapo kabla yeye hajastaafu. Hapo nyumba inabaki kwa jina la mtoto. Adongo, pacha wangu, ameolewa na Isaiah kule Roret, ana chai yake na ng'ombe wake, hahesabiwi. Nimebaki mimi.

Karani alileta fomu ya mkataba huo mwezi wa saba. Inatakiwa irudi tarehe thelathini mwezi huu. Tangu zije zile mashine za kuchuma, nafasi za mikono zimebaki chache, na kuna watu hapa wanaolilia karatasi kama hiyo. Jirani yetu amesimamisha salamu kwa mama kwa sababu yake. Kwa hiyo siwezi hata kulalamika, maana ninalalamikia kitu ambacho mwenzangu anakiomba kwa kufunga.

Mkataba ni wa miaka mitano kwanza. Nina miaka ishirini na saba. Diploma yangu iko kwenye bahasha chini ya godoro. Baba hajaniambia neno, hata moja. Alikwenda tu sokoni Kiptere akaninunulia gumbuti na aproni ya plastiki, akaziweka karibu na mlango, na kila asubuhi king'ora kikilia kabla ya mapambazuko, anavaa zake na kuziruka zangu. Ningependa angenifokea. Mtu akikufokea unaweza kumjibu.

Ile kazi ya kuandika maneno ya video ndiyo ilikuwa njia yangu. Wenye kazi walinipa mtihani wa mtandaoni wa Ijumaa, tarehe ishirini na tisa mwezi wa nane, saa mbili kamili. Ningepita, ningepanga nyumba Kiptere yenye vyumba vitatu na stima, nikawaambia wazee fungeni virago. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nikiifanya nikichuja maziwa.

Kipkemoi hakuwa na memori nyingine ya kunifaa siku ile. Akaniandikia kwenye karatasi: DDR4, ya mezani, 2400. Jumatano, siku mbili kabla ya mtihani, nikaenda Bomet, kwa sababu kuna mtu aliyekuwa amebandika picha mtandaoni. Nilifika nikauliza yote. DDR4? Ndiyo. Giga kumi na sita? Ndiyo. Mwendo 2400? Ndiyo, soma mwenyewe. Nikasoma, nikaona kweli, na lile pengo likawa mahali pake. Nilirudi nikiimba.

Iliingia vizuri, ikalia tik pande zote mbili. Nikawasha. Feni ilizunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nilizima nikawasha mara ishirini. Kesho yake Kipkemoi alisoma kibandiko na kidole chake kikasimama kwenye herufi moja mwishoni, R.

"Hii ni ya server, madam. Zile mashine kubwa za ofisi. U ni ya mezani, S ni ya laptop, R ni server. Inaingia, lakini hawataongea." Halafu akaona uso wangu akaongeza, "Pole sana. Ni mimi ningekuandikia hiyo herufi."

Ijumaa saa mbili ilinikuta nimekaa mbele ya skrini nyeusi na nguo za kanisani, kwa sababu walisema kamera itawashwa. Mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati mpaka siwezi kusikia kama nalia. Mtihani ulipita. Unaofuata ni tarehe ishirini na saba Novemba. Hesabu mwenyewe: fomu inarudi Septemba.

Jumanne iliyopita Kipkemoi alinipigia. Amepata vipande viwili vya giga nane, kimoja cha 3200 na kimoja cha 2400. Nikamuuliza kama vitakubaliana. Akasema vitakubaliana, ila kile cha haraka kitatembea mwendo wa kile cha polepole, ndivyo bodi inavyofanya, haimwachi mtu nyuma. Nilicheka mpaka akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa, ni vile tu anaielezea nyumba yetu.

Na imewaka, Joab! Kompyuta imewaka. Inahesabu giga kumi na sita zote, video haikwami, maneno yanakimbia kama nayasukuma na fimbo. Imekuja siku nne baada ya mtihani. Zawadi yako nimeifunga tena kwenye sanduku lake. Mama ameiweka kwenye kabati la vyombo, karibu na picha ya harusi, na wageni wakija wanaonyeshwa. Hajui kwamba kompyuta inayowaka haina kitu chako ndani. Naomba usimwambie.

Najua ukisoma hapa utataka kwenda dukani kununua nyingine. Usinunue. Sikukuandikia kurasa hizi zote kwa ajili ya memori.

Alhamisi mchana nilikuwa chumbani nikifunga skrubu za mwisho. Mvua ilikuwa imewarudisha watu mapema, na wazee walidhani nimekwenda Kericho. Ukuta wetu ni mbao na kalenda. Nilimsikia mama akisema, "Mwambie Joab." Mama akarudia, "Mwambie tu, ni mtoto wako pia." Na baba akasema, polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, "Mtu anamwombaje mtoto wa ndugu yake aje asimame mahali pa mtoto ambaye Mungu hakumpa? Akitaka atasema mwenyewe. Mimi ninamuuliza kila siku atakuja lini."

Niliacha bisibisi pale pale.

Miaka yote nilidhani baba anang'ang'ania nyumba hii kwa sababu ameizoea. Nilimwona kama mtu aliyefungwa na kampuni na sasa anataka kunifunga mimi. Nilimkasirikia, sikufichi. Kumbe ana kiwanja chake Nyakach, sehemu aliyogawiwa na babu, karibu na boma la baba yako, baba mkubwa Opondo. Pensheni yake inatosha mabati na saruji. Kinachomzuia ni kwamba kwetu mtu haamki tu akajenga dala. Boma la mtu hufunguliwa alfajiri, ndugu yake mkubwa akiongoza, mke amebeba moto, na mtoto wa kiume ametangulia na jogoo na shoka. Unajua kuliko mimi, ulimbebea baba mkubwa Opondo yule jogoo ukiwa darasa la tatu, na akakuchafua shati. Baba yangu ana mabinti wawili. Hana wa kubeba jogoo, basi hana pa kwenda, na akienda bila hilo ataona amejengewa kama mjane.

Ijumaa nilimpigia baba mkubwa Opondo nikiwa njiani, mbali na masikio. Nilimuuliza kama mtoto wa ndugu anaweza kusimama. Alinikemea kwanza kwa kuuliza mambo ya wanaume, halafu akasema anaweza, wapo waliofanya hivyo, na yeye mwenyewe yuko tayari kuongoza siku yoyote. Akasema amengoja miaka kumi ndugu yake amuulize. Hawa wanaume wawili, kila mmoja amekaa upande wake akingoja mwingine aanze, na katikati yao ni mimi na aproni ya plastiki.

Kwa hiyo nakuomba, kaka. Karatasi zako za kuishi huko zilikamilika mwezi wa nne, ulituambia mwenyewe. Njoo Desemba. Njoo kwa wiki mbili tu, ubebe jogoo wa baba yangu na shoka lake, ulale usiku wa kwanza pale, halafu urudi kwa wazee wako. Sikuombi senti. Usilete hata sabuni.

Kila unapopiga simu baba anakuuliza, "Joab, utakuja lini?" Nawe unacheka, unasema, "Baba mdogo, Mungu akipenda," mnahamia kwenye habari za hali ya hewa. Sisi sote tulidhani ni salamu. Alikuwa anakuomba, Joab. Miaka sita amekuwa akikuomba, na hakuna aliyemsikia.

Safari hii, ukipokea barua hii, piga simu. Usinitafute mimi. Omba kuongea na baba mwenyewe, na mwache aiweke kwa sauti, jirani asikie, laini nzima isikie. Akiuliza utakuja lini, mpe tarehe. Ukiipiga kabla ya thelathini, nitairudisha fomu kwa karani ikiwa nyeupe, na baba mwenyewe ataona kwa nini. Usipopiga nitatia sahihi. Sitamwacha mzee wangu barabarani na vyombo, hilo ulijue, na sitakulaumu. Lakini nitakuwa nimekuambia.

Mama anakusalimu, anauliza kama ile memori ulikuwa umeipaka mafuta ya upako. Adongo na Isaiah wanakusalimu kutoka Roret, wamepata mtoto wa tatu, msichana tena. Baba mkubwa Opondo anasema umtumie picha yako ukiwa umenyoa ndevu. Bosire mpe shukrani zetu, na umwambie alikuwa na haki kuhusu risiti. Baba hatumi salamu, kwa sababu hajui kwamba nimekuandikia.

Mungu aulinde mgongo wako na akufungulie njia ya kurudi kwetu.

Ni mimi dada yako mdogo, nikupendaye na kukungoja,

Quinter Apiyo.